Maji ya Imana: Kudura na Hiari katika Nchi ya Ngara na Biharamulo

Iwapo mwanadamu hutenda kwa hiari yake, au hutimiza tu yale aliyokwisha kuandikiwa, ni swali ambalo wakazi wa nchi inayotanda kutoka vilima vya Ngara hadi Nyamigogo na Biharamulo wameishi nalo katika majina yao, katika ibada zao na, mwaka 1994, katika msiba uliovuka mpaka na kuwafikia mlangoni.

Katika lugha zenye udugu na Kirundi, Kihangaza ikiwa mojawapo, Muumba huitwa Imana, na majina ya watu hutangaza enzi yake: Hategekimana ni kusema kwamba atawalaye ni Mungu, na Harerimana kwamba aleaye ni Mungu. Hata hivyo, katika Rwanda na Burundi ya kale, ambayo Bugufi ya Ngara ilikuwa sehemu yake kabla ya mipaka ya kikoloni, mwanamke aliyetarajia kuzaa hakulala kabla ya kuhakikisha kwamba mtungini yamebaki maji kidogo, ili Imana apate ya kumfinyangia mtoto usiku. Uumbaji ulikuwa wa Imana peke yake, lakini kubakiza maji ilikuwa kazi ya mtu. Vivyo hivyo, aliyekwenda kwa mpfumu, yaani mpiga ramli, alitaka kujua yanayomkabili ili achukue hatua, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama hakuna kinachoweza kubadilika.

Waislamu wa pwani, ambao imani yao ilifika bara kwa njia za misafara, walikuwa na neno kudura, yaani uwezo wa Mungu unaopitisha mambo, na methali isemayo kwamba jitihada haiondoi kudura. Wengi wao hufuata mafundisho ya Abu al-Hasan al-Ash'ari wa Basra, aliyefariki mnamo 936, ambaye alieleza kwamba Mungu huumba tendo naye mja hulichuma, na kwa uchumaji huo, uitwao kasb, hustahili thawabu au adhabu.

Mizani hiyo kati ya kudura na hiari ilijaribiwa vikali tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katikati ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakati zaidi ya watu 200,000 walipovuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda na kuingia Ngara, ambako kambi ya Benaco iligeuka mji kwa siku chache. Mahakama ya kimataifa iliyoundwa Novemba mwaka huo kuwahukumu waliohusika na mauaji hayo, na kuwekwa Arusha, iliongozwa na sheria iliyotamka kwamba amri ya mkubwa haimwondolei mtu hatia, ingawa yaweza kumpunguzia adhabu. Katika hukumu ya 2 Septemba 1998, majaji walikuta kwamba Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba nchini Rwanda, alizuia mauaji katika eneo lake hadi 18 Aprili, kisha akageuka baada ya mkutano na viongozi wa serikali.

Mtu yule yule, katika cheo kile kile, alikataa kwanza na kukubali baadaye. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba hakuwa na njia nyingine. Yako mengi yaliyo mikononi mwa Imana, lakini maji ya mtungini hubakizwa, au humwagwa, kwa mkono wa mtu.