Sifuri ya Kihisi na Miaka Iliyoitangulia: Mahandaki ya TAZARA kati ya Mlimba na Makambako

Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, humaliza mpando wake mgumu kuliko yote inapofika Makambako, mkoani Njombe. Kutoka Mlimba, katika bonde la Kilombero, njia hupanda zaidi ya mita 1,000, na mengi ya mahandaki ya reli nzima yamo katika kipande hicho. Yalichimbwa na wafanyakazi wa Tanzania na China mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ikakabidhiwa rasmi Julai 1976.

Handaki halitulii. Mlima hulibana, na maji yapenyayo nyuma ya zege huongeza shinikizo. Katika handaki lipitalo chini ya bahari baina ya Uingereza na Ufaransa, maji hukandamiza mwaka mzima. Njombe hukandamiza kwa msimu. Kwa hiyo kipimo cha Agosti hakisemi lolote la hakika kuhusu Machi.

Tangu awali mgeuko wa umbo umetambuliwa kwa macho: mkaguzi atembeaye na taa, akitazama nyufa na unyevu. Njia nyingine ni uzi wa kioo, jamaa ya ule uliomo katika mkongo wa taifa wa mawasiliano. Mwaka 1978, miaka miwili baada ya makabidhiano ya reli, Kenneth Hill na wenzake waligundua huko Ottawa, Kanada, kwamba mwanga waweza kuchora ndani ya uzi huo alama za kudumu zinazorudisha rangi moja tu. Uzi ukinyooshwa kwa sehemu moja ya milioni, urefu wa wimbi la rangi hiyo husogea takriban pikomita 1.2, yaani kama sehemu moja ya bilioni ya milimita. Joto nalo huusogeza, takriban pikomita 10 kwa kila digrii. Ndiyo maana uzi wa pili usiovutwa huwekwa kando ili kulitenganisha.

Hoja ya tasnifu hii imo hapa: kihisi huanza kuhesabu siku kilipofungwa. Sifuri yake ina ndani yake mibano ya takriban nusu karne ambayo chombo hakiioni. Baada ya hati ya maelewano iliyotiwa saini Beijing Septemba 2024 kuhusu ufufuaji wa reli, suala hili si la nadharia tena. Michoro ya ujenzi na madaftari ya ukaguzi (hata yenye madoa ya grisi) ni vipimo, si kumbukumbu za makumbusho. Vipimo vya kuta za kila handaki vilinganishwe na michoro hiyo kabla ya uzi kufungwa, na nyufa za zamani zinakiliwe kabla ya zege mpya kuzifunika.