Anga Nayo Ina Wenyewe

Kutoka London hadi Johannesburg ni kilomita 9,000 hivi, ukipima moja kwa moja angani. Umbali huo haujabadilika hata hatua moja. Je, muda wa safari?

Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet ya shirika la BOAC ilianzisha safari za abiria kwa ndege za jeti. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia.

Mwaka 1963 nchi huru za Afrika zilikutana Addis Ababa, zikaazimia kuzinyima njia ndege za Makaburu. Shirika lao likalazimika kuzunguka baharini, magharibi mwa bara letu. Ndege zilikuwa na kasi kuliko Comet, lakini njia ikarefuka. Kizuizi hicho kiliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, ubaguzi ulipoanza kung'oka. Leo ni saa 11 hivi bila kutua.

Wako wasemao kwamba wakati ule hatukuwa na silaha. Mimi nawajibu: tulikuwa na anga, na tuliifunga.