Bao la Mwaikimba lililosahaulika

Wadau, pita kijiwe chochote hapa Bariadi, uliza nani aliipa Azam ubingwa wa 2013/14. Utaambiwa John Bocco. Mwingine atabisha, Kipre Tchetche. Gaudence Mwaikimba? Utasubiri sana.

Turudi Aprili 13, 2014, Uwanja wa Sokoine, Mbeya. Azam haijafungwa hata mechi moja, inacheza na Mbeya City, wageni wa ligi waliowasumbua wakubwa msimu mzima. Mwaikimba, aliyewahi kuvaa jezi ya Yanga, akafunga la kwanza. Mwagane Yeya akasawazisha. Mwishoni Bocco akaweka la pili, 2-1, na sifa zote zikamfuata yeye.

Sasa tupige hesabu. Azam ikafikisha pointi 59. Yanga ilikuwa na 55 na mechi moja tu mkononi, tena na Simba, kwa hiyo isingevuka 58. Kazi ikaisha palepale. Ondoa bao la Mwaikimba: sare ya 1-1, pointi 57, na kombe linasubiri siku ya mwisho. Azam ikiteleza na Yanga ikimfunga mtani, sherehe zinahamia Jangwani.

Simiyu, mkoa ulioanza 2012, haukuwa na timu kwenye ligi ile. Huku sisi ni Simba au Yanga (ubishi wake mnaujua), majina ya Azam yaliyobaki vichwani ni mawili matatu. Wanalambalamba walimaliza na pointi 62 bila kufungwa, wa kwanza kuwapokonya wakongwe hao kombe tangu Mtibwa Sugar mwaka 2000.