Ubonyezaji wa vitufe kwa mbali

Ni mbinu ya kuendesha kifaa cha kupimia umeme kwa kompyuta, kwa amri inayokifanya kifaa kijione kama kimebonyezwa kitufe cha paneli ya mbele. Amri hupitia kebo ya IEEE 488, kiwango cha mwaka 1975 kilichotokana na kazi ya Hewlett-Packard, au siku hizi USB na mtandao. Baadhi ya mita za Keithley hutumia SYSTem:KEY ikifuatwa na namba ya kitufe. Baadhi ya osiloskopu za Tektronix zina FPAnel:PRESS, na FPAnel:TURN huigiza mkono unaozungusha kitufe cha duara.

Hufaa pale mpangilio fulani usipokuwa na amri yake. Kasoro yake ni kubwa: kitufe kilekile hubadili kazi kulingana na menyu iliyofunguka, na programu haioni skrini. Menyu ikiwa tofauti na ilivyotarajiwa, vitufe vyote vinavyofuata huenda kombo.