Herufi, Umbo na Maana: Historia Fupi ya Utafutaji wa Maneno ya Kiingereza

1. Utangulizi

Kutafuta maneno ya Kiingereza yanayoweza kuundwa kwa fungu la herufi zilizotolewa ni zoezi ambalo wengi huliona kuwa mchezo tu wa kupitisha wakati. Hata hivyo, historia yake inagusa swali lililo msingi wa isimu: je, neno ni umbo lake au ni maana yake? Makala haya yanaeleza hatua kuu za historia hiyo, kisha yanaonyesha jinsi inavyohusu Kiswahili.

2. Kutoka siri hadi hesabu

Katika karne ya 17 baadhi ya wataalamu wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuficha uvumbuzi wao kwa kuvuruga herufi. Mwaka 1676, mjini London, Robert Hooke alichapisha herufi 14 alizozipanga kwa utaratibu wa alfabeti: ceiiinosssttuv. Mwaka 1678 alifunua sentensi ya Kilatini iliyofichwa humo, yenye maana kwamba kadiri kitu kinavyonyooka ndivyo nguvu inavyokuwa. Herufi zilizopangwa hivyo zilihifadhi umbo lote la sentensi, ilhali maana yake haikuonekana.

Hatua ya pili ilikuwa ya hesabu. Alfred Mosher Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1899, alipoteza kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929, akaanza kubuni mchezo wa maneno. Wazo moja alilipata katika hadithi ya Edgar Allan Poe iitwayo The Gold-Bug, ya mwaka 1843, ambamo maandishi ya siri yanafumbuliwa kwa kuchunguza alama inayorudiwa zaidi. Butts alitwaa magazeti, likiwemo The New York Times, akazihesabu herufi kwa mkono. Mwaka 1948 James Brunot aliuchukua mchezo huo, akaupa jina la Scrabble.

Matunda ya hesabu hiyo yangali yanaonekana. Kati ya vibao 100 vya Kiingereza, herufi E ina vibao 12 vya pointi 1 kila kimoja, ilhali Q na Z zina kibao kimoja kimoja cha pointi 10. Lakini S, ijapokuwa hutumika sana, ilipewa vibao 4 tu, kwa sababu ndiyo alama ya wingi na ingewarahisishia wachezaji kazi kupita kiasi. Kwa hiyo, hata katika kuhesabu herufi tupu, ilibidi sarufi izingatiwe.

3. Mwamuzi wa neno

Mashindano yalipokua, ugomvi juu ya neno gani likubaliwe ulihitaji mwamuzi. Mwaka 1978 ilitolewa kamusi rasmi ya wachezaji wa Marekani. Kuanzia hapo, neno mchezoni lilikuwa ni lile lililoorodheshwa, hata kama mchezaji hakujua maana yake.

Hata hivyo, maana haikukubali kufukuzwa. Katika miaka ya 1990, kufuatia malalamiko, matusi dhidi ya watu wa jamii na dini mbalimbali yaliondolewa katika kamusi hiyo, ingawa washindani waliendelea kuyatumia kwa orodha yao wenyewe. Mwaka 2020 chama cha wachezaji cha Amerika Kaskazini kiliamua kuyaondoa hata humo. Waliopinga walidai kwamba mchezoni neno ni herufi tu. Waliounga mkono walijibu kwamba aliyetukanwa hasomi herufi, husoma tusi.

4. Kumbukumbu na mashine

Washindani wakubwa hutumia mbinu inayofanana na ile ya Hooke: hupanga herufi kialfabeti, kisha hukariri maneno yanayotokana nazo. Fungu E-I-L-N-S-T hutoa enlist, inlets, listen, silent na tinsel. Mwaka 1988 Andrew Appel na Guy Jacobson walieleza programu ya kompyuta iliyohifadhi kamusi nzima kama mtandao wa njia za herufi, ambamo maneno yenye mwanzo mmoja au mwisho mmoja hushirikiana njia.

Mfano mkubwa kabisa ulitolewa na binadamu. Mwaka 2015, huko Louvain-la-Neuve, Ubelgiji, Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble kwa Kifaransa pasipo kuweza kuzungumza lugha hiyo. Katika fainali alimshinda mchezaji kutoka Gabon, nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kifaransa. Alikuwa amekariri maumbo, na maumbo yalitosha.

5. Kiswahili na hitimisho

Kiswahili nacho kinakubali zoezi hili. Fungu A-I-L-M, ambalo kwa Kiingereza hutoa mail, kwa Kiswahili hutoa imla, lami, lima, mali na mila. Silabi zetu zinazoishia kwa irabu huruhusu mageuzo ya namna hiyo kwa wingi.

Ugumu hujitokeza kwenye kitenzi. Kamusi huorodhesha soma, pengine na someshana. Lakini walisomeshana, hatujasomeshana na wasiposomeshana hayaorodheshwi, ijapokuwa kila mzungumzaji huyakubali mara moja. Orodha iliyoufaa mchezo wa Kiingereza ingeyakataa maneno halali ya Kiswahili kwa maelfu. Mashine itakayotafuta maneno ya Kiswahili, au kusahihisha tahajia yake, sharti ipewe kanuni za viambishi pamoja na orodha ya mizizi.

Kwa hiyo ushindi wa Richards usifasiriwe kuwa ushahidi kwamba lugha ni orodha. Unathibitisha tu kwamba orodha inaweza kutengwa na lugha. Kazi ya kuzikutanisha tena, kwa upande wa Kiswahili, inawahusu wanaisimu kabla ya kuwahusu mafundi wa kompyuta.