Wind Waker: Bahari Iliyowagawa Mashabiki wa Zelda

Agosti 2000, katika maonyesho ya Space World nchini Japani, Nintendo iliwaonyesha watu mashine yake mpya ya gemu, GameCube. Ili nguvu zake zionekane, zilirushwa video fupifupi, na mojawapo ilidumu sekunde chache tu: Link, kijana wa upanga ambaye kila mpenzi wa Zelda anamjua, anapambana na hasimu wake Ganondorf. Panga zinagongana, cheche zinaruka, nyuso zimekunjamana kwa ukali. Nyuma ya picha zile hapakuwa na gemu yoyote. Yalikuwa majaribio ya mashine, basi. Ila shabiki aliyemaliza Ocarina of Time miaka miwili kabla hakuyapokea kama majaribio. Aliamini ameonyeshwa kinachokuja.

Agosti iliyofuata, katika maonyesho yaleyale, kilichokuja kikaonekana. Link alikuwa mtoto wa katuni: kichwa kikubwa, miguu mifupi, macho yaliyojaa uso. Hasira ikalipuka, na haijazimika yote hadi leo, ingawa kinachobishaniwa kimekwisha kubadilika. Naamini gemu hii, The Legend of Zelda: The Wind Waker, imegombaniwa mara mbili, kwa mambo mawili yasiyohusiana, na wanaoitetea pamoja na wanaoilaumu huyachanganya bila kujua.

Ugomvi wa kwanza ulihusu sura, na ili kuuelewa inabidi kumtazama shabiki mwenyewe kuliko gemu. Zelda ya kwanza ilitoka Februari 1986, kazi ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Mwaka 1998 Ocarina of Time iliutoa ulimwengu ule kwenye picha bapa ikauweka kwenye pande tatu, mchezaji akaweza kuuzunguka na kupanda farasi. Ndani ya gemu hiyo Link huanza akiwa mtoto, hulala miaka saba, kisha huamka mtu mzima. Mvulana wa miaka 12 aliyeicheza mwaka ule alikuwa na miaka 16 Wind Waker ilipoanza kuuzwa Japani, Desemba 2002, na sauti yake ilikuwa imeshavunjika ilipofika Marekani na Ulaya mwaka 2003. Rafiki zake walikuwa na PlayStation 2 au Xbox. Walikuwa wakicheza Grand Theft Auto III. Yeye alikuwa na GameCube, kiboksi cha zambarau chenye mpini, ambacho wenzake walikiita cha watoto, na Zelda ndiyo ilikuwa hoja aliyoitunza ya kuwajibu. Sasa Zelda yenyewe ikaja na uso wa mtoto.

Sitamcheka kijana huyo. Aliyekua pamoja na hadithi ana haki ya kutaka hadithi nayo ikue. Kosa lake, nadhani, ni mahali alipokutafuta kukua huko.

Ndani ya Nintendo swali lilikuwa jingine. Eiji Aonuma, aliyekuwa ameongoza Majora's Mask ya mwaka 2000, alikabidhiwa mchezo huu pia, na timu yake ilichoka na wazo la kuchukua sura ya Ocarina na kuirundikia maelezo zaidi kwa sababu tu mashine mpya inaweza. Njia ilifunguliwa na mchoro wa msanii Yoshiki Haruhana uliomwonyesha Link mdogo mwenye macho makubwa; mwenzake Satoru Takizawa akachora adui wa kulingana naye. Aonuma alikuja kusimulia kwamba Miyamoto, alipoona mwelekeo huo mara ya kwanza, hakuufurahia hata kidogo. Kwa hiyo mgawanyiko ulianzia nyumbani, kabla shabiki yeyote hajatia neno.

Mbinu yenyewe ya kuchora kwa mtindo wa katuni haikuwa ngeni. Sega ilikuwa imeitumia mwaka 2000 katika Jet Set Radio. Katika uchoraji wa kawaida wa kompyuta, mwanga hufifia kidogokidogo juu ya ngozi au ukuta hadi ukawa kivuli. Katika mbinu hii mwanga na kivuli hutenganishwa kwa mpaka mkali, kama picha iliyopakwa rangi mbili tu. Matokeo yake ni kwamba uso husomeka hata kwa mbali. Link wa Wind Waker hushangaa, hununa, huogopa, na mchezaji huona yote bila neno kusemwa. Macho yake hugeukia kitu chenye maana ndani ya chumba, kiasi kwamba mchezaji makini aliyekwama kwenye fumbo hufuata pale yanapotazama. Huo ni ufundi wa kusimulia, na sura ya kiuhalisia ya mwaka 2002 isingeweza kuubeba.

Halafu kuna hadithi, na hapa ndipo namwonea huruma aliyegeuka mlangoni kwa sababu ya katuni. Link anaishi katika kisiwa kidogo na bibi yake na mdogo wake Aryll. Siku yake ya kuzaliwa anavishwa nguo za kijani, kama wavulana wote wa kisiwa wafikapo umri wake, kumkumbuka shujaa wa zamani. Ila shujaa yule, uovu uliporudi, hakutokea. Miungu ikaugharikisha ufalme wa Hyrule pamoja na uovu uliokuwa ndani yake, na visiwa ambavyo watu wanaishi sasa ni vilele vya milima iliyozama. Ocarina, gemu iliyopendwa kuliko zote, imelala chini ya maji, na mchezaji anapita juu yake kwa mashua.

Ganondorf wa humu ni mzee mwenye kanzu nzito, anayeikumbuka nchi yake ya jangwa ambako upepo uliunguza mchana na kugandisha usiku, na jinsi alivyoutamani upepo wa Hyrule uliobeba kitu kingine. Kabla ya hapo alikuwa dubwana la kupigwa. Hapa ana sababu. Anayepambana naye kwa kauli ni mfalme wa Hyrule, ambaye naye hajaweza kuuacha ufalme uliokufa, mpaka dakika za mwisho anapouombea uzame moja kwa moja ili watoto wawili waliosimama mbele yake watafute nchi yao wenyewe. Wazee wawili wameng'ang'ania kilichopita, na watoto wanalipa. Sijaona Zelda iliyotangulia yenye wazo la kiutu uzima kuliko hilo, na lilikuja limevaa sura ambayo watu waliikataa kwa kuwa ya kitoto.

Ugomvi huo wa sura umekwisha, na ulioumaliza ni muda. Gemu zilizojitahidi kufanana na ukweli mwanzoni mwa karne hii zimechakaa; ngozi zinaonekana plastiki, majani yanaonekana karatasi. Wind Waker haikuahidi kufanana na kitu, kwa hiyo haina cha kuumbuka nacho.

Ugomvi wa pili ni wa bahari, na huu ni wa haki kabisa.

Ramani ya mchezo ina miraba 49, saba kwa saba, na kila mraba una kisiwa kimoja au mwamba wake. Kati ya kisiwa na kisiwa ni maji matupu. Link husafiri kwa mashua inayosema, King of Red Lions, ambayo omo yake ni kichwa cha simba mwekundu, na uwezo wake wote unatokana na kifimbo cha kuongozea muziki kinachogeuza upepo. Yeyote aliyekulia Lamu au Unguja atagundua upesi kwamba mashua hii haijui kubisha. Nahodha wa jahazi akikabiliwa na upepo huenda joshi, akapinda huku na kule mpaka akafika. Hapa upepo ukikukabili unakaribia kusimama, kwa hiyo unashusha tanga, unapiga wimbo, unachagua upande, unatazama kipande kilekile cha picha, kisha unapandisha tanga upya. Kila unapobadili mwelekeo. Kwa saa nyingi.

Wapo wanaoipenda bahari hiyo kwa moyo wote, nami ni mmoja wao. Muziki unapaa tanga linapojaa. Shakwe wanafuata nyuma. Kisiwa huanza kama nukta ya kijivu, kikawa umbo, kikawa mahali penye watu, na kwa kuwa ulisubiri, kuwasili kuna uzito. Bahari iliyojaa vitu kila hatua isingekuwa bahari, ingekuwa mtaa. Wapo wengine wanaosema, nao hawakosei, kwamba walinunua gemu ya mahandaki na mafumbo wakauziwa safari, na kwamba visiwa vingi, ukishafika, vina shimo moja na sanduku moja. Hapa hakuna wa kumshawishi mwenzake. Mmoja anataka kufika, mwingine anataka kwenda, na mchezo mmoja hauwezi kuwaridhisha wote wawili kwa kiasi kilekile.

Ila kuna sehemu ambayo hata sisi wapenzi wa bahari hatuwezi kuitetea. Mchezo unapokaribia mwisho, unadai vipande vinane vya Triforce, hazina takatifu ya Hyrule, na vyote viko chini ya maji. Kwanza utafute ramani nane: moja iko kwenye meli ya mizimu, nyingine ndani kabisa ya pango la mapambano yasiyokwisha, na kadhalika. Ukizipata huwezi kuzisoma. Inabidi umpelekee Tingle, bwana wa ajabu uliyemtoa gerezani mwenyewe mwanzoni mwa safari, naye anakutoza rupia 398 kwa kila ramani. Mara nane ni 3,184, na pochi unayoanza nayo hubeba 200 tu. Basi unarudi baharini kuopoa hazina ili upate fedha za kulipia ramani za kuopolea vipande. Bahari iliyokuwa uhuru inageuka kibarua, na inageuka pale ambapo hadithi inapaswa kukimbia.

Chanzo si siri. Mahekalu kadhaa yaliyopangwa yaliondolewa ili gemu iwahi tarehe yake, na Aonuma amekiri kwamba mawazo ya mahekalu hayo yalitumiwa katika gemu nyingine baadaye. Alama ya kisu bado inaonekana: kuna kisiwa unakotumwa, ambako ungetegemea hekalu la tatu, unakikuta kimeshavunjwavunjwa, na unachokwenda kutafuta unakabidhiwa kwingine bila jasho. Safari ya Triforce iliwekwa kujaza pengo hilo.

Sokoni, gemu ilipata alama kamili, 40 kwa 40, kutoka jarida la Famitsu la Japani, lakini iliuza nakala zaidi ya milioni 4 wakati Ocarina iliuza zaidi ya milioni 7. Idadi hizo zimetumika kwa miaka mingi kama hukumu dhidi ya katuni. Nadhani zimetumika vibaya. Nintendo 64 iliuzwa karibu milioni 33, GameCube chini ya milioni 22. Ukigawanya, Ocarina ilinunuliwa na mtu mmoja kati ya wamiliki wanne au watano wa mashine yake, Wind Waker na mmoja kati ya watano. Sehemu kubwa ya upungufu ilitokana na mashine iliyokosa wanunuzi.

Nintendo haikuisoma hesabu hivyo. Aonuma alieleza mwaka 2007, mbele ya watengenezaji wa gemu huko Marekani, kwamba muendelezo wa Wind Waker ulikuwa umeshaanzwa, lakini taarifa kutoka ofisi ya Marekani zilisema sura ile inawafanya wanunuzi wadhani gemu ni ya watoto. Akamwendea Miyamoto kuomba Zelda ya kiuhalisia. Ilipoonyeshwa Los Angeles Mei 2004, watu walisimama wakapiga kelele za furaha. Ilikuja kuwa Twilight Princess, ikauza zaidi ya milioni 8 kwa msaada wa mashine iliyopendwa mno, Wii. Link wa katuni hakufa. Alihamia kwenye mashine za mkononi, katika Phantom Hourglass ya 2007 na Spirit Tracks ya 2009.

Miaka michache baadaye timu ya Aonuma ilipokuwa ikijaribu gemu zake za zamani kwenye mashine mpya, Wii U, iliyowashangaza kwa kung'aa ilikuwa ileile ya katuni. Toleo jipya likatoka mwaka 2013, na masahihisho yake yanaeleza mengi. Vipande vitano vya Triforce sasa hupatikana moja kwa moja pale zilipokuwa ramani, vikabaki vitatu vya kumlipia Tingle. Na mnadani unaweza kununua tanga jipya lenye kasi zaidi, ambalo upepo hulifuata daima nyuma, hata kifimbo hakihitajiki. Sahihisho la kwanza lilipokelewa kwa shukrani na karibu kila mtu. La tanga liliwagawa watu upya, maana mchezo unaobeba jina la kuuamsha upepo ulikuwa umeruhusu upepo usahaulike. Mimi sikulitumia.

Hata Zelda ya mwaka 2017, Breath of the Wild, imejaa damu ya Wind Waker: watu-ndege wa Rito na vijiti-hai vya Korok vilizaliwa baharini kule, mwanga wake umekatwa kwa mpaka uleule wa katuni, na uwazi wake mkubwa, ambamo unaona kitu kwa mbali na kuamua kwenda, ni ule wa miraba 49 uliopata nchi kavu. Wengi waliosifu uwazi huo waliwahi kuulaumu ulipokuwa maji.

Juni 2025 Nintendo ilipozindua mashine yake ya Switch 2, iliweka Wind Waker miongoni mwa gemu za kwanza za GameCube zinazochezwa humo kwa wanaolipia huduma yake ya mtandaoni. Haikuchagua toleo lililosahihishwa. Ni lile la 2002, lenye tanga la polepole, ramani nane na bei ya Tingle isiyopungua hata rupia moja, na wanaolicheza sasa kwa mara ya kwanza wengi wao walikuwa hawajazaliwa lilipotoka. Uso wa Link hauwasumbui. Wanabishana kuhusu bahari.