Willy Gamba kama Shahidi wa Historia: Riwaya ya Kufa na Kupona na Dar es Salaam ya Wapigania Uhuru

Riwaya ya Kufa na Kupona ya Elvis Musiba ilichapishwa mwaka 1974 na East African Literature Bureau. Sisi tunaosoma Kiswahili nje ya Tanzania huisikia ikisifiwa muda mrefu kabla hatujaiona. Nilipoipata niliimaliza kwa siku mbili, nikaifunga nikiwa nimevunjika moyo. Insha hii inaeleza kwa nini riwaya hii inakatisha tamaa, kisha inadai kwamba upungufu huohuo unaifanya iwe ushahidi wa kihistoria unaostahili kusomwa.

Msimulizi ni Willy Gamba mwenyewe, mpelelezi wa Tanzania anayetumwa Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za wapigania uhuru zilizoibwa. Kisa ni kizuri, ila msimulizi hapendeki. Anajisifu mno, na hana shaka juu ya jambo lolote alitendalo. Kwa kuwa anasimulia mambo yaliyokwisha pita, tunajua tangu mwanzo kwamba atapona, na hofu inayopaswa kuibeba riwaya ya aina hii inapungua. Wanawake kwake ni zawadi au mtego, mara chache ni watu wenye mawazo yao. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyemjua katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), hutualika tufikiri pamoja naye. Willy anatuachia kazi ya kushangilia tu.

Hata hivyo, mwanahistoria hatosheki kuuliza kama msimulizi anapendeka. Anapaswa pia kuuliza msimulizi huyu alizaliwa katika mazingira gani. Frelimo iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipoanzishwa mwaka 1963, Kamati yake ya Ukombozi iliweka makao yake katika jiji hilohilo. Dar es Salaam ikawa mji wa wakimbizi, wapiganaji, wanadiplomasia na majasusi. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, Rais wa Frelimo, aliuawa humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kama kifurushi. Adui alikuwa ameingia mjini, na hakuna mpelelezi aliyewahi kumzuia.

Miaka mitano baadaye anatokea Willy Gamba. Katika riwaya, siri za ukombozi zinaibwa, lakini safari hii mtu wetu anafuatilia na kushinda. Siwezi kudai kwamba Musiba aliandika akimkumbuka Mondlane. Ninachodai ni kwamba msomaji wa mwaka 1974 alikuwa na sababu ya kumvumilia mtu mwenye majivuno kiasi hicho. Mji uliokwisha pata msiba wa namna ile ulihitaji kusikia kwamba walinzi wake hawashindwi. Jambo linalotuchosha sisi leo huenda lilimfariji yeye.

Ushahidi wa pili umo katika maisha ya Willy. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihimiza kujitegemea na kuwabana viongozi wasijilimbikizie mali. Shujaa huyu anailinda nchi ya Azimio huku akifurahia hoteli za Nairobi, vinywaji na starehe. Riwaya haioni mgongano wowote hapo, na kimya hicho kinatuambia jambo: kuunga mkono ukombozi na kutamani anasa viliweza kukaa katika kichwa kimoja. Hotuba za wakati ule hazitupi picha hiyo kwa urahisi.

Ushahidi huu una mipaka. Riwaya haithibitishi jinsi idara ya upelelezi ilivyofanya kazi, wala haiwakilishi mawazo ya Watanzania wote. Sauti za wanawake na za wapiganaji wenyewe hazisikiki, na lazima tuzitafute kwingine.

Kwa hiyo, bado nasema Kufa na Kupona ni riwaya dhaifu, na simpendi Willy Gamba. Lakini tukiiweka kando kwa sababu hiyo tu, tutapoteza shahidi. Katika historia, shahidi mwenye majivuno naye husikilizwa. Kazi yetu ni kuuliza kwa nini alihitaji kujivuna.